Tindikali Ilikuwa Inaishia Wapi? Uchambuzi wa kisa cha kiwanda kidogo cha mbolea ya fosfeti Mwanza

Kisa hiki ni cha kiwanda kimoja pembezoni mwa jiji la Mwanza. Jina la kiwanda, la mmiliki na la mtaa yameondolewa, na takwimu za uzalishaji zimekadiriwa ili kisitambulike. Hesabu za kemia ni zilezile ambazo mhandisi yeyote anaweza kuzirudia kwa karatasi na kalamu.

Usuli

Kiwanda kilinunua mawe ya fosfeti kutoka Minjingu, kule Manyara, yakaja kwa malori kupitia Singida na Shinyanga. Tindikali, yaani asidi ya sulfuriki yenye nguvu ya asilimia 98, ilitoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Mawe yalisagwa, yakachanganywa na tindikali kwenye tangi lenye pangaboi, uji wake ukamwagwa bandani ukauke na kuiva kwa wiki kadhaa, kisha ukapondwa na kutiwa kwenye mifuko. Wateja walikuwa wakulima wa mpunga na pamba wa Magu, Kwimba na Misungwi, na wachache wa ng'ambo ya ziwa upande wa Bukoba.

Kwa nini mawe yatiwe tindikali? Fosforasi iliyomo kwenye mwamba imefungwa ndani ya madini yaitwayo apataiti, ambayo maji matupu hayawezi kuyafungua. Tindikali ya sulfuriki inaing'oa kalsiamu, inaigeuza kuwa jasi, na fosforasi inabaki katika umbo linaloyeyuka. Ukitia tindikali ya kutosha kuyageuza mawe yote unapata superfosfeti ya kawaida, ambayo kwa kawaida huwa na P2O5 (fosforasi ikihesabiwa kama oksidi yake) ya asilimia 16 hadi 20. Tani moja ya fluoapataiti safi hudai karibu kilo 680 za tindikali ili igeuke yote. Mawe ya mgodini si safi hivyo, na kiwanda hiki kilikuwa kinatia karibu kilo 600 kwa kila tani.

Tulipoitwa, matatizo yalikuwa matatu. Ankara ya tindikali ilikuwa imezidi gharama nyingine zote zikijumlishwa. Mifuko ilikuwa inaoza na mbolea inagandamana kabla ya kufika kwa mkulima. La tatu lilitoka kwa majirani, waliolalamikia moshi unaowasha macho na maji meupe yaliyokuwa yakitiririka mtaroni kuelekea kijito kinachoingia ziwani.

Yaliyotokea kabla ya hapo

Msimu uliotangulia, vipimo vya maabara vilionyesha kwamba sehemu ya fosforasi inayoyeyuka iko chini ya ile iliyoandikwa kwenye mfuko. Mmiliki akafanya ambalo wengi wangelifanya: akaagiza tindikali iongezwe. Kipimo kilipanda kidogo. Iliyopanda zaidi ilikuwa tindikali huru, ile isiyopata cha kula, ikabaki ndani ya mbolea ikila uzi wa mifuko na kuvuta unyevu wa hewa ya ziwa. Zamu ya usiku ikaongeza muda wa kuchanganya, umeme ukapanda, kipimo kikabaki palepale.

Mkuu wa zamu alikuwa mzee aliyefanya kazi kwenye matangi kwa miaka mingi. Siku ya kwanza tulipokuwa tukiangalia povu likipanda hadi ukingoni, alisema:

"Injinia, hii siyo kukosa tindikali. Mawe ya safari hii yanachemka kuliko yale ya mwezi uliopita."

"Uliwaambia ofisini, mzee?"

"Niliwaambia. Wakasema nipunguze kasi ya kumimina."

Maneno yake yaliokoa muda mwingi wa maabara. Povu lile ni hewa ukaa, na hewa ukaa inatoka kwenye kaboneti, yaani madini ya jamii ya mawe ya chokaa yaliyochanganyika na fosfeti. Hakuna kipimo cha bei rahisi zaidi ya jicho la mtu anayesimama kando ya tangi kila siku, ila hakikuwa na safu yake kwenye daftari la uzalishaji.

Mizania ya tindikali

Hatukuanza na tangi. Tulianza na swali la mhasibu: kila kilo ya tindikali inayoingia getini inaishia wapi? Tukachora mizania, na njia za upotevu zikajitokeza.

Ya kwanza ni kaboneti. Kila kilo 100 za kaboneti ya kalsiamu humeza kilo 98 za tindikali safi na kutoa kilo 44 za hewa ukaa, na hazikupi hata gramu moja ya fosforasi. Kaboneti pia ndiyo inayotangulia kula. Tindikali haifiki kwa apataiti hadi jirani yake ashibe. Lori lenye mawe ya asilimia 10 ya kaboneti linatafuna kilo 98 kwa tani kabla kazi haijaanza, yaani karibu moja ya sita ya tindikali yote waliyokuwa wakitia.

Ya pili ni ukubwa wa chembe. Kinu kilikuwa na nyundo zilizochakaa na chekeche lililotoboka, na hakuna aliyelipima kwa muda mrefu. Tulichukua mbolea iliyokwisha kuiva, tukaiosha, tukaitazama chini ya lenzi. Chembe kubwa zilikuwa na ganda jeupe la jasi nje na kiini cha kahawia ndani, kama wali uliopikwa kwa moto mkali: juu umeiva, moyo mbichi. Tindikali ikiifikia chembe, jasi inayozaliwa inakaa palepale juu yake na kuziba njia. Chembe ikiwa ndogo, mmenyuko unaisha kabla ganda halijawa nene. Ikiwa kubwa, unaweza kuchanganya hadi alfajiri na kiini hakitaguswa. Tindikali iliyokusudiwa kiini hicho ndiyo iliyokuwa inabaki huru na kuozesha mifuko. Kwa hiyo tatizo la ankara na tatizo la mifuko yalikuwa tatizo moja.

Ya tatu ni nguvu ya tindikali yenyewe. Walikuwa wakiizimua kwa kukisia. Ikiwa kali mno, ganda linajitengeneza haraka na uji unaganda kabla ya kuchanganyika. Ikiwa nyepesi mno, unazalisha tope lisilokauka. Haidromita, kipima uzito wa kimiminika, ya bei ndogo ilitosha kulimaliza suala hili, na sitalirefusha.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi uliobishaniwa sana ulikuwa wa kubadilisha kipimo cha mafanikio. Kiwanda kilikuwa kinajipima kwa kuuliza: asilimia ngapi ya mawe imegeuka? Tulipendekeza kiulize: kilo moja ya tindikali imeleta fosforasi kiasi gani inayoyeyuka? Maswali haya yanafanana, lakini majibu yake yanakupeleka pande mbili tofauti. Kwa swali la kwanza, jibu ni kuongeza tindikali daima, hata pale ambapo kila kilo ya nyongeza inaleta kidogo kuliko iliyotangulia. Swali la pili linakuruhusu kusimama njiani.

Kusimama njiani kunajulikana katika fani hii. Mawe yanatiwa karibu nusu ya tindikali inayohitajika kwa superfosfeti. Sehemu ya fosforasi inayeyuka mara moja na kuamsha mizizi michanga, na mwamba uliobaki unaachiwa udongo wenyewe uumalizie. Mawe ya Minjingu yanafaa kwa njia hii kuliko mawe mengi ya Afrika Mashariki, kwa kuwa ni mwamba wa mashapo ya ziwa la kale na apataiti yake ni tendaji. Mwamba wa asili ya moto kama wa Panda Hill, Mbeya, au wa Sukulu kule Tororo, Uganda, ni mgumu kufunguka. Kuutia nusu dozi kungekuwa utani.

Hapo jiografia ya ziwa ikaingia kwenye hesabu. Upande wa Bukoba mvua inafika karibu milimita 2,000 kwa mwaka na udongo umelowa na kuchujwa hadi kuwa na asidi. Udongo wa namna hiyo unayeyusha mawe ya Minjingu wenyewe, bila msaada wa kiwanda. Majaribio ya muda mrefu ya magharibi mwa Kenya, ukingo wa mashariki wa ziwa hilohilo, yalionyesha hivyo kwa mawe haya haya yaliyosagwa tu. Kumuuzia mkulima wa kahawa na migomba tindikali iliyosafiri kutoka Dar es Salaam ni kumbebea maji mvuvi. Kwenye mbuga za Usukumani mambo yamegeuka. Udongo mweusi wa mfinyanzi mara nyingi hauna asidi na umejaa kalsiamu, na mpunga ukifurika maji asidi kidogo iliyokuwepo nayo inapungua. Mwamba mbichi ukiutia pale utaukuta mwakani.

Kwa hiyo bidhaa zikawa tatu: unga mtupu uliosagwa laini kwa ajili ya Bukoba, unaopakiwa melini, mbolea ya nusu dozi kwa udongo wa kichanga wa luseni wenye mahindi na pamba, na superfosfeti kamili kwa mpunga wa mbugani.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa getini. Kila lori likapimwa kwa tone la tindikali nyepesi na, kwa yaliyochemka sana, kwa kupima hewa ukaa inayotoka. Nusu dozi iliufanya uamuzi huu kuwa wa lazima, na hesabu yake inafaa kuangaliwa kwa utulivu. Ukitia kilo 300 kwenye tani ya mawe yenye kaboneti asilimia 10, zinabaki kilo 202 kwa ajili ya fosfeti. Kwenye mawe ya asilimia 4 zinabaki kilo 261. Tofauti ni karibu asilimia 30 ya kazi yenye faida, kwa tindikali ileile. Mawe yenye kaboneti nyingi hayakurudishwa. Yalipelekwa kwenye unga mtupu, ambako kaboneti haimdhuru mkulima wa udongo wenye asidi.

Kuna mapendekezo tuliyoyakataa. Mmiliki alitamani mifupa ya sangara kutoka viwanda vya samaki, na wazo lenyewe si baya: madini ya mfupa ni apataiti yenye P2O5 hadi asilimia 42 ikiwa safi, na hayatoi gesi ya florini kama mwamba. Lakini mifupa ya kiwandani inakuja na mafuta na nyama. Mafuta yanatoa povu baya kuliko la kaboneti, na kuyaondoa kunataka mvuke au moto. Tena mapanki, yaani mabaki ya sangara baada ya kutolewa minofu, Mwanza si takataka. Yanakaangwa yakaliwa, na yanayobaki yanagombewa na watengeneza chakula cha kuku. Wazo la kuchoma mawe kwenye tanuri ili kufukuza kaboneti lilianguka kwa sababu ya kuni na kwa sababu moto mkali unaifanya apataiti kuwa zembe. Mshauri mmoja wa nje aliwaambia wajenge mtambo wa asidi ya fosforiki. Njia hiyo huzalisha karibu tani 5 za jasi chafu kwa kila tani ya P2O5, na tulimuuliza tu angeliweka wapi rundo hilo mahali ambapo kila mteremko unashuka ziwani.

Maji

Hapa ndipo pangeweza kutuangusha.

Mwamba wa fosfeti una florini. Tindikali ikiugusa, florini inatoka kama gesi, inakutana na silika na kuwa gesi nyingine inayowasha macho na koo. Kiwanda kilikuwa na mnara wa kuoshea gesi, lakini ulikuwa umeziba. Gesi ile ikigusa maji inaacha silika laini kama uji, na uji huo ulikuwa umejaza nozeli, yaani matundu ya kunyunyizia maji. Ndiyo maana moshi ulipita, na maji machache yaliyofanya kazi yakatoka na asidi ya florini na silika hadi mtaroni. Juu yake yaliongezeka maji ya kuoshea sakafu, yaliyojaa fosfeti.

Fosforasi inayoingia Ziwa Victoria inalisha mwani wa kijani-buluu na magugu maji, na wavuvi hawahitaji kuelezwa na mhandisi maana yake. Kwa kiwanda, fosforasi hiyohiyo ni bidhaa iliyokwisha kulipiwa mawe, tindikali na umeme.

Suluhisho lilionekana jepesi: maji yote machafu yatumike kuzimulia tindikali. Kutoka nguvu ya asilimia 98 hadi karibu 65, kila kilo 100 za tindikali zinahitaji karibu kilo 50 za maji. Kwa dozi ya zamani, kilo 600, tani moja ya mawe ingekunywa kilo 300 za maji ya kuoshea. Hesabu ikafunga na mtaro ukazibwa.

Kisha nusu dozi ikaanza. Tindikali ikawa kilo 300, na maji yanayohitajika kuizimua yakashuka hadi kilo 150. Unga mtupu haukutaka maji kabisa. Tulikuwa tumeokoa tindikali na kwa kitendo hichohicho tumeondoa mahali pa kuyapeleka maji. Matangi yalianza kujaa katikati ya mvua za vuli.

Kuongeza matangi kungekuwa kuahirisha. Kilichofanyika ni kupunguza maji yenyewe. Sakafu ikaanza kufagiwa kavu na vumbi likarudishwa kwenye kinu, mpira wa maji ukafungiwa stoo. Mnara ukagawanywa ngazi mbili: maji safi yanaingia ngazi ya mwisho ambako gesi imebaki kidogo, yanashuka ngazi ya kwanza kukutana na gesi nzito, na kutoka hapo tu ndipo yanaenda kuzimua tindikali. Maji kidogo, kazi mara mbili. Ziada iliyobaki ilitibiwa kwa chokaa, florini ikatulia chini kama kalsiamu floridi.

Matokeo

Kwa kila mfuko wa bidhaa zote tatu zikichanganywa, tindikali ilishuka kwa zaidi ya theluthi. Tindikali huru ilipungua kiasi kwamba malalamiko ya mifuko kuoza yalikoma. Mtaro ukakauka siku za jua. Macho ya majirani yalipata nafuu, ingawa siku ambazo nozeli zinaziba wanajua kabla ya zamu.

Upande wa pili haukuwa mzuri hivyo. Dozi ndogo ya tindikali inatoa joto dogo, na joto ndilo lililokuwa linafukuza unyevu kwenye uji. Mbolea ya nusu dozi ikatoka mbichi, ikagandamana upya kwa sababu tofauti na ile ya mwanzo, hadi banda la kuivishia lilipoezekwa kwa mabati ya kupitisha mwanga na lundo likaanza kugeuzwa. Maji yanayozunguka yalikusanya florini na kula sili za pampu. Bidhaa mpya mbili zilihitaji usajili wake kwa mamlaka ya mbolea, na lebo yenye asilimia halisi ya fosforasi inayoyeyuka. Shughuli hiyo ilimeza msimu mzima wa mauzo. Na mawakala wawili waliuza nusu dozi mbugani kwa wakulima wa mpunga kwa bei ya superfosfeti. Wakulima walirudi wakisema mbolea ya mwaka huu haina nguvu, na walikuwa sahihi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote hakikuwa kifaa. Ilikuwa safu moja mpya kwenye daftari: kilo za fosforasi inayoyeyuka kwa kilo ya tindikali, kwa kila bechi, pamoja na jina la lori lililoleta mawe. Baada ya hapo msimamizi hakuhitaji kuambiwa kwamba chekeche limetoboka. Aliona namba ikishuka. Povu la mzee wa zamu nalo likapata safu yake, kwa alama tatu tu: dogo, la kati, kubwa. Ilishangaza jinsi alama hizo zilivyokaribiana na kipimo cha kaboneti.

Ubadilishaji wa nyundo za kinu na chekeche ulirudisha fedha yake haraka kuliko hatua nyingine yoyote, na kwa maoni yangu ungepaswa kufanywa peke yake kwanza, msimu mmoja mzima, kabla ya kugusa dozi. Tuliyafanya yote mawili karibu kwa wakati mmoja kwa sababu tindikali ilikuwa inaisha na mmiliki hakuwa na fedha za kuagiza nyingine. Sababu hiyo inaeleweka, ila imefanya isiwezekane kusema kwa uhakika akiba kiasi gani ilitoka wapi.

Kosa la mpango lilikuwa kuziweka tindikali na maji kwenye karatasi mbili, zikaandaliwa na watu wawili. Kila karatasi ilikuwa sahihi peke yake. Katika mtambo wa kutia mawe tindikali, maji ya kuzimulia, maji ya kuoshea gesi, joto la mmenyuko na unyevu wa bidhaa ni hesabu moja. Ukigusa dozi umevigusa vyote vinne, na mizania ya maji ilipaswa kurudiwa siku ileile dozi ilipokatwa.

Suala la mawakala lina mzizi wa kibiashara, lakini kemia inalikuza: mifuko mitatu ilifanana rangi. Sasa kila bidhaa ina mfuko wa rangi yake na ramani ndogo ya aina za udongo kwa majina ya Kisukuma, maana mkulima anajua kama analima luseni au mbuga kabla hajajua tarakimu yoyote ya asidi.

Limebaki vumbi. Kusaga laini zaidi kumeongeza vumbi kwenye kinu, na mawe ya Minjingu yana urani, madini yenye mionzi, zaidi ya mwamba wa kawaida, kwa hiyo barakoa za kitambaa hazitoshi. Kwa njia hii ya uzalishaji hakuna jasi inayotengwa, hivyo urani haikusanyiki kwenye rundo; inatawanyika ndani ya bidhaa. Kinachohitaji uangalizi ni mapafu ya wanaosaga. Kiwanda kimeomba kupimwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, na hadi tunaandika haya feni ya kunyonya vumbi ilikuwa imenunuliwa lakini haijafungwa, ikisubiri transfoma.